Mgeni ndiye posta: namna ya kumpelekea mtu aliye kijijini ughaibuni vitu asivyovipata huko

Mtu anayeishi kijijini katika nchi ya kigeni hakosi vitu vikubwa sana. Anachokosa ni kile kidogo ambacho bila hicho kikubwa kimelala: mpira wa pampu, betri ya kifaa cha kusikilizia, lenzi za miwani, chujio la maji la saizi fulani. Duka la mjini liko mbali, na hata akifika anakuta wanauza kile kinachotoka kwa wingi. Ndiyo maana mgeni anayekuja kumtembelea huwa ndiye posta yake, na mara nyingi ndiye posta pekee inayofika.

Watu wengi huogopa mzigo kupotea au kukamatwa forodhani. Hayo hutokea, lakini hasara ya kawaida zaidi ni nyingine: mzigo unafika salama salimini halafu haufai. Plagi haiingii, bomba halishiki, simu inakataa laini. Kwa hiyo nusu ya kazi hii hufanyika kabla hujatoa hata senti moja dukani, na sehemu hiyo ndiyo tutakayokaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 1: Mwulize mwenyeji, na uulize vizuri

Anza wiki sita kabla ya safari. Wiki sita si nyingi ukizingatia kwamba mtandao wa kijijini unaweza kukatika siku nne, na kwamba vitu vingine itabidi viagizwe kiwandani. Kwa kuwa mawasiliano ni ya kubahatisha, usiulize swali moja moja. Tuma maswali yote kwa ujumbe mmoja wa maandishi. Ujumbe wa maandishi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu, sauti na video hukwama.

Kwa kila kitu anachotaka, uliza mambo manne: kinafanya kazi gani, kipimo chake ni kipi, asipokipata atafanyaje, na je, akikipata kingine kinachofanana kitamfaa? Swali la tatu ndilo litakalokusaidia siku begi likizidi uzani, kwa sababu linakuonyesha kipi cha lazima na kipi cha kutamanika. Omba orodha iwe kwa mpangilio wa umuhimu, chenye kuhitajika zaidi kikiwa juu. Halafu uliza swali ambalo wageni husahau: ni vitu gani tusikuletee? Wenyeji wengi wana rafu nzima ya zawadi za heri zisizo na matumizi, na hawasemi kwa sababu ya haya.

Omba picha. Kitu kipigwe picha kikiwa kimelazwa kando ya rula, si mkononi. Kama ni mashine, picha ya kibati chenye jina la modeli na namba ya utambulisho ni muhimu kuliko picha ya mashine nzima. Picha zikigoma kupita, mwambie anakili maandishi yote ya kibati, herufi kwa herufi, pamoja na vistari.

Hatua ya 2: Geuza maneno yake yawe vipimo

"Niletee beringi ya pampu" si oda, ni ombi la msaada. Hivi ndivyo vitu vinavyokosewa mara nyingi, na namna ya kuvitaja bila utata.

Beringi. Namba yake imechongwa ubavuni na hutosha peke yake. Ikiandikwa 6203, tundu lake ni milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40 na unene milimita 12, awe ameitengeneza nani. Herufi zinazofuata nazo zina maana: 2RS ni yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, ZZ ni kifuniko cha bati. Penye maji na vumbi chukua 2RS.

Mipira ya duara, yaani oringi na sili. Toa kipenyo cha ndani na unene wa mpira, vyote kwa milimita. Mpira wa zamani huwa umevutika au kubanwa ukawa bapa, kwa hiyo ni afadhali kupima mfereji unamokaa. Mpira wa kugusana na mafuta si sawa na wa maji ya moto, basi taja pia unagusana na nini.

Viungo vya bomba. Hapa ndipo mtego ulipo. Kuna mifumo miwili ya nyuzi za viungo inayotawala duniani, BSP ya Uingereza na NPT ya Marekani. Kwenye bomba la nusu inchi yote miwili ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo kiungo cha NPT huingia kwenye BSP na kuzunguka raundi chache kama vile kimekubali. Hakijakubali. Pembe ya nyuzi ni digrii 55 kwenye BSP na 60 kwenye NPT, na maji yatavuja hata uzungushe utepe wa kuzibia kiasi gani. Uliza vifaa vya hapo vilinunuliwa katika nchi gani. Jibu hilo kwa kawaida humaliza ubishi.

Miwani. Hitaji cheti cha macho kisicho cha zamani na umbali kati ya mboni mbili kwa milimita; kwa watu wazima wengi umo kati ya 54 na 74. Vyeti vingi haviuandiki umbali huo, hivyo mwambie mtu mwingine ampime kwa rula, mwenye macho akitazama mbali. Saizi ya fremu imeandikwa ndani ya mkono wa miwani aliyonayo sasa.

Betri za vifaa vya kusikilizia. Zina namba nne za kawaida, na kila namba ina rangi ya kibandiko: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Akikumbuka rangi, umepata saizi. Hutumia hewa, na huanza kuisha pale kibandiko kinapobanduliwa, hata isipotumika. Usizitoe kwenye pakiti, na angalia tarehe ya mwisho kabla ya kununua za miezi mingi.

Viatu. Saizi za nchi hazilingani, na saizi za kampuni mbili za nchi moja hazilingani vilevile. Asimame juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, achore kisigino na kidole kirefu, apime umbali kwa milimita. Miguu yote miwili. Chukua kipimo kikubwa.

Simu. Iwe haijafungwa kwenye kampuni moja ya laini, na masafa yake ya mtandao yaendane na ya nchi anayoishi. Kuna nchi zinazozifungia simu zilizotoka nje zisiposajiliwa kwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kila simu: Uturuki, Pakistan na Indonesia ni miongoni mwao. Mwenyeji aulize utaratibu na gharama huko huko kabla hujanunua, maana ada ya kusajili inaweza kuifanya simu ya bei poa iwe ghali kuliko ya dukani kwao.

Umeme. Majumbani kuna makundi mawili: volti 100 hadi 127, kama Marekani na Japani, na volti 220 hadi 240 kwingi kwingineko. Chaja yenye maandishi 100–240V, 50/60Hz hufanya kazi popote. Inahitaji adapta ya plagi tu. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Kifaa cha kupasha moto cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 huungua papo hapo. Cha 230 kikichomekwa kwenye 115 hutoa robo tu ya joto lake. Lakini kijijini swali la kwanza ni je, umeme wenyewe unatoka wapi? Kama ni sola ya volti 12, usipeleke kitu chenye hita au mota kubwa. Taa, redio na mashine za kunyolea zinazochajiwa kwa waya wa simu ndizo zinazodumu katika mazingira hayo.

Hatua ya 3: Pitisha orodha kwenye milango mitatu

Kila kitu kitapita milango mitatu: usalama wa ndege, forodha ya nchi unayokwenda, na nchi unazopitia. Kuruhusiwa mlango mmoja hakukupi haki kwenye mwingine.

Mlango wa ndege kwanza. Betri za lithiamu za akiba, pawabenki zikiwemo, hazipandi chini na mizigo kamwe. Zinakaa kwenye begi la mkononi. Kikomo ni wati-saa 100 kwa betri moja. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na huwezi kuchukua zaidi ya mbili za akiba. Zaidi ya 160 hazipandi kabisa. Kama wati-saa hazijaandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki ya mAh 20,000, yaani ampea-saa 20, yenye seli za volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni 111, itakuhitaji barua. Betri ya drili ya volti 18 na ampea-saa 5 ni 90, inapita. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kutaifishwa hata kama ni ndogo, kwa sababu mkaguzi hana cha kusoma. Funika ncha za betri kwa selotepu, kila moja kwenye kifuko chake.

Vinavyokataliwa huku watu wakishangaa: gundi ya maji ya kuzibia pancha (huwaka moto, chukua viraka vya kujibandika), gundi ya mpira ya fundi viatu, rangi za mafuta, tina ya kuyeyushia rangi, dawa ya kusafishia maji yaani klorini ya unga au ya maji, mitungi ya gesi ya kupikia hata ikiwa tupu nusu, na betri za gari zenye tindikali ya maji. Jiko la kambi, msumeno wa mnyororo au kabureta vilivyokwisha kutumika hukataliwa kwa harufu tu ya petroli. Kama ni lazima, kiwe kipya kisichowahi kutiwa mafuta.

Kwenye begi la mkononi, vimiminika ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1. Viwanja vingine vimelegeza sharti hilo kwa sababu ya mashine mpya, lakini ukibadilisha ndege kwenye kiwanja ambacho hakijalegeza utanyang'anywa huko. Panga safari kwa sheria kali kuliko zote njiani.

Mlango wa forodha una mambo yake. Mbegu, miche na udongo huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka, na mara nyingi kibali cha kuingiza kutoka nchi vinakokwenda. Pakiti ya mbegu ya dukani yenye picha nzuri si cheti. Nyama na maziwa kutoka nje vimepigwa marufuku katika nchi nyingi, Umoja wa Ulaya ukiwemo. Droni, redio za upepo na simu za setilaiti ni vitu vya kuulizia mapema. Nchini India, kwa mfano, mgeni akikutwa na simu ya setilaiti bila kibali anaweza kukamatwa. Hata mifuko ya plastiki uliyofungia mzigo inaweza kuwa kosa: Rwanda, Kenya na Tanzania zimepiga marufuku mifuko ya kubebea. Tumia mifuko ya kitambaa.

Mlango wa tatu husahaulika kwa sababu hauonekani kwenye tiketi. Ukipitia Marekani, kwa mfano, unapita uhamiaji na forodha yao hata kama unasubiri ndege ya saa mbili tu. Na ukinunua tiketi mbili zisizounganishwa, utachukua mabegi yako katikati ya safari na kuingia nayo nchini humo, sheria zao zote zikikuhusu.

Hatua ya 4: Dawa, kwa tahadhari ya pekee

Hapa wema unaweza kukuweka ndani. Ruhusa ambazo nchi nyingi huwapa wasafiri kuingia na dawa ni kwa ajili ya msafiri mwenyewe. Dawa yenye jina la mtu mwingine iko nje ya ruhusa hiyo, hata awe ndugu yako wa damu na cheti kiwe halali. Kwa hiyo mwenyeji ndiye anayetakiwa kuulizia kwenye mamlaka ya dawa ya nchi anayoishi, na jibu liwe la maandishi, uwe nalo mkononi unapotua.

Za kuogopa zaidi ni zile zenye kodeini, tramadoli, diazepamu na jamii yake, na dawa za umakini zenye amfetamini. Nyingine zinauzwa nchi moja bila cheti na ni kosa la jinai nchi ya pili. Hata dawa ya mafua inaweza kuwa tatizo: Japani hairuhusu yenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10. Mwenyeji asipopata ruhusa, usijaribu kuzitia kwenye kopo la vitamini. Hilo ndilo hugeuza usumbufu kuwa kesi.

Zilizoruhusiwa zikae kwenye kasha la kiwandani pamoja na karatasi yake, barua ya daktari ikitaja jina la kiambata (kemikali yenyewe inayotibu) na si jina la biashara peke yake, dozi kwa siku, na idadi ya siku. Nchi nyingi huweka kikomo cha siku 30, chache hufika 90. Chagua zilizobakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Insulini haiwekwi kwenye begi la chini kwa hali yoyote: inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Hukaa nyuzi joto 2 hadi 8, kwenye kifuko cha ubaridi mkononi, bila kugusana moja kwa moja na pakiti ya barafu.

Hatua ya 5: Nunua, kisha jaribu nyumbani

Kila kitu kifunguliwe na kiwashwe kabla ya kusafiri. Kijijini hakuna dirisha la kurudishia bidhaa. Unganisha vipande vyote, kaza skrubu, tia betri, iache iwake saa nzima. Utagundua hapo kwamba waya haumo kwenye boksi, au kwamba kifaa kinadai kuwashwa kwa intaneti mara ya kwanza. Kama kinahitaji kusajiliwa mtandaoni au kupakuliwa programu, fanya hayo ukiwa bado kwenye mtandao mzuri.

Nunua na vile vinavyoisha: chujio la ziada, mkanda wa ziada, sili mbili badala ya moja. Gramu 50 za spea zinaweza kumpa mwenyeji mwaka mwingine wa matumizi. Kifaa kinachotumia katriji au betri za aina yake pekee kiache dukani, hata kiwe kizuri vipi. Kinachokula betri za kawaida za AA kitaishi.

Tunza risiti zote, karatasi na picha zake kwenye simu. Na kama mtu mwingine anakuomba umbebee kifurushi cha mwenyeji, sharti ni moja na halina udugu: unakifungua, unatoa kila kitu, unakifunga mwenyewe. Uwanjani utaulizwa kama begi ulilifunga wewe. Kilichoshonwa ndani, kilichogundishwa, kopo lililobandikwa tena, hakipandi. Mwenye nia njema hataudhika.

Hatua ya 6: Uzani na kufunga

Tikiti nyingi za daraja la kawaida huruhusu begi la kilo 23, vipimo vyake vitatu vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi moja likizidi kilo 32 hukataliwa kabisa hata ukiwa tayari kulipia, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Angalia pia kipande cha mwisho cha safari: ndege ndogo za vijijini mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, mkononi na chini vikijumlishwa, na hutaka begi laini lisilo na magurudumu kwa sababu stoo yake ni finyu. Kikomo cha safari nzima ni cha ndege ndogo kuliko zote.

Sanduku gumu lina kilo 4 au 5 likiwa tupu. Begi laini la turubai lina kilo 1 hadi 2. Tofauti hiyo ni mizigo halisi. Toa bidhaa kwenye maboksi yake ya madoido, lakini kata na ubaki na upande wenye jina, namba ya modeli na maelekezo. Karatasi ni nzito kuliko zinavyoonekana: rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5, kwa hiyo vitabu vichaguliwe kimojakimoja. Vaa buti, usizifunge. Na kama ni mpya za mwenyeji, zijaze soksi na spea ndogo ndani.

Nunua mizani ya ndoano ya kuning'iniza begi. Simama kwenye kilo 22, si 23, kwa sababu mizani yako na ya kaunta hazijafundishwa na mwalimu mmoja.

Vimiminika huvuja kwa sababu moja inayoeleweka. Shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka hadi kiwango cha juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, basi hewa iliyobaki ndani ya chupa hutanuka na kusukuma kifuniko. Chupa laini ibonyezwe hewa itoke kabla ya kukazwa. Chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni, kaza, zungushia selotepu, weka kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha katikati ya nguo.

Vya kuvunjika viwe katikati ya begi, angalau sentimita tano za nguo kila upande. Vya chuma vikae upande utakaokuwa chini begi likisimama. Unga wowote uende begi la chini, maana mkononi utafunguliwa na kuchokonolewa. Ndani ya kila begi, juu kabisa, weka karatasi yenye jina lako, namba ya simu inayopatikana huko uendako, na orodha ya vilivyomo. Lebo ya nje hung'oka.

Halafu gawa. Vya lazima kabisa viende mkononi. Vilivyo viwili viwili vitenganishwe, kimoja kila begi. Begi moja likichelewa, mwenyeji asikose vyote.

Hatua ya 7: Uwanjani na forodhani

Begi lisipotokea, usiondoke ukumbini kabla ya kuandikisha na kupewa namba ya taarifa. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Shirika litakuuliza anwani ya kukuletea. Kijiji kisicho na namba za nyumba hakitawafaa, kwa hiyo uwe umeshakubaliana na mtu wa mjini, au ofisi ya mabasi yanayokwenda huko, apokee kwa niaba yako. Ni busara kulala usiku mmoja karibu na uwanja. Begi lililokosa ndege mara nyingi huja na ya siku inayofuata.

Forodhani, kama una shaka, tangaza. Pita njia nyekundu, ya wenye vitu vya kutangaza, ukiwa na orodha na risiti mkononi. Zawadi haisamehewi ushuru kwa kuwa tu ni zawadi; nchi nyingi zina kiwango cha thamani, na kukizidi ni kulipia ziada. Kinachovuta macho ya ofisa ni vitu vingi vya aina moja: simu tatu, saa sita, miwani kumi. Hivyo huhesabiwa biashara. Kama ni vya shule au zahanati, uwe na barua yao yenye muhuri, na hata hivyo fahamu kwamba barua inaeleza tu, haisamehi.

Ukitozwa, omba stakabadhi rasmi. Malipo yasiyo na stakabadhi si ushuru. Kitu kikizuiliwa, omba karatasi inayotaja kitu chenyewe, sababu, na mahali pa kukifuatilia. Mwenyeji anaweza kuja nayo baadaye na kibali. Kubishana hakujawahi kufungua begi lolote.

Hatua ya 8: Kutoka lami kwenda kijijini

Kipande hiki kifupi ndicho kinachoharibu zaidi. Begi litapanda juu ya basi, litalowa, litapata vumbi, pengine litamalizia nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo tandika mfuko mzito usiopitisha maji ndani ya begi kabla ya kupanga vitu, si nje, maana wa nje utachanika. Mabegi mawili ya kilo 12 hupita mahali ambapo moja la kilo 23 litakwama, na kwenye pikipiki ndiyo njia pekee ya kuweka mizani sawa.

Panga kufika mchana. Uwe na pesa taslimu za nchi hiyo, noti ndogo ndogo, na jina la kituo cha kushukia limeandikwa kwa lugha na herufi za huko ili uweze kumwonyesha kondakta. Begi la mkononi lenye dawa na vifaa vya umeme halitoki mapajani mwako. Wakiandika tiketi ya mzigo, itunze. Wasipoandika, piga picha begi likiwa limepakiwa, namba ya gari ikionekana.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Usimwage vitu mezani ukaanza kunywa chai. Kaeni na orodha, kila kitu kijaribiwe ukiwa bado hapo: pampu ifungwe beringi, miwani ivaliwe na isomewe, simu iwekwe laini. Fundi wa hapo kijijini, kama yupo, aitwe aone, kwa sababu ndiye atakayefungua ukishaondoka. Maelekezo ya lugha asiyoisoma mwenyeji yafupishwe kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kwenye kifaa chenyewe, pamoja na namba ya spea inayoisha haraka.

Kilichokosewa usikiache kwa heshima. Rudi nacho, huenda duka likakubali. Na kabla hujafunga begi lako tupu, omba vile vilivyoharibika: sili iliyochakaa, kipande cha mkanda, kiungo kilichopasuka. Vioshe grisi na mafuta, vifunge kwenye mfuko ulioandikwa jina la mashine, uviweke kwenye begi la chini. Dukani, kipande chenyewe kikiwa kaunta, atakayefuata kwenda huko hatahitaji picha wala rula.